Nguvu za Soda: Mashtaka Dhidi Yetu Sisi Tunaopenda Kuanza

Wenzangu, makala hii ni mashtaka, na mshtakiwa wa kwanza ni mwandishi wake. Nawashtaki watu wa kuanza. Mnatufahamu. Sisi ndio tunaofungua kikundi cha WhatsApp usiku wa manane, na kufikia asubuhi tumeshakipa jina, nembo na katibu. Sisi ndio tunaokuja na wazo la kufuga kuku. Wiki mbili baadaye ni wazo la kutengeneza sabuni. Mwezi ukiisha ni wazo la video. Tunacheka kwa urahisi, tunazoeana na watu haraka, na tukisimama kuzungumza hata aliyesinzia huamka. Walimu hutupenda. Wageni hutupenda zaidi. Wanaotupenda kidogo ni wale waliowahi kufanya kazi nasi kwa zaidi ya miezi mitatu.

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, wana jina la tabia hii: nguvu za soda. Chupa ikifunguliwa povu hupanda mpaka mdomoni, watu wakarudi nyuma wasilowe. Baada ya dakika tano kilichobaki ni maji matamu yaliyopoa. Na wahenga walikwisha kutuonya mapema kwamba kipya kinyemi, kingawa kidonda.

Dai langu ni hili. Shauku ni mkopo. Mtu mwenye shauku hukopa imani, muda na fedha za wenzake, na dhamana anayoweka ni uso wake uliochangamka. Anayekopa kisha akaondoka hana haki ya kusema kwamba ndivyo alivyoumbwa. Nasi sote, wanafunzi kwa walimu, tunashiriki kosa lake kila tunapompigia makofi siku ya kwanza na kusahau kumuuliza siku ya mia.

Nianze na kesi yangu. Mimi ni mtoto wa Muyinga, nasoma Gitega. Katika likizo moja kubwa, tarehe 7 Julai, niliamua kufungua kikundi cha kusomea watoto hadithi. Tarehe hiyo ilikuwa na maana: mwaka 2021 UNESCO iliitangaza kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Nikaona aibu kwamba mtaani kwetu, ambako Kiswahili husemwa sokoni, msikitini na jikoni, watoto hawakuwa na hata kitabu kimoja cha hadithi cha kushika mkononi. Ndani ya siku nne nilikuwa na kila kitu. Mama mmoja muuza vitenge alitupa chumba cha nyuma ya duka lake, bila kodi kwa miezi miwili ya kwanza. Wenzangu kumi walichanga fedha. Mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Kobero alituletea vitabu kumi na vinne kutoka Tanzania. Siku ya ufunguzi walikuja watoto ishirini na watatu. Niliwasomea nikiigiza sauti ya fisi na sauti ya sungura, mpaka mzee mmoja mpita njia akasimama mlangoni akicheka. Sitaki kujidharau: siku ile nilifanya jambo jema, na bila mimi lisingefanyika. Hilo nitalirudia, maana ni nusu ya hoja yangu.

Nusu ya pili ni hii. Mwezi Septemba nilirudi Gitega. Kabla ya kuondoka nilichukua faranga elfu themanini kutoka mfuko wa kikundi ili nikachapishe fulana zenye jina letu, kwa kuwa Gitega nilimjua mchapaji. Niliahidi kurudi kila mwisho wa mwezi na vitabu vingine. Dada mmoja niliyesoma naye sekondari, ambaye sasa anafundisha shule ya msingi, alibaki na daftari na ufunguo. Gitega nikakutana na vijana waliokuwa wakirekodi vichekesho, na wiki ile ile nikawa mwandishi wao wa michezo. Zile elfu themanini zikanunua taa ya kurekodia. Nilijiambia kwamba sikuziiba, nimezikopa. Baada ya video yakaja maneno ya kuku wa mayai, na baada ya kuku ikaja habari nyingine. Siendelei, kila mmoja wenu anayo orodha kama hiyo, ya kwake au ya rafiki yake.

Nilirudi Muyinga mwezi Aprili kwa harusi ya binamu yangu. Mama wa vitenge aliniona nikipita, akaniita kwa upole, akanipa kigoda nikae. Kisha akamtuma mtoto akamwite yule dada. Dada akaja na daftari. Hakunilaumu, alilifungua tu na kuliweka mapajani mwangu. Kila Jumamosi alikuwa ameandika majina ya walimu wa zamu, na langu lilikuwa la kwanza, kwa sababu mimi ndiye mwanzilishi. Mbele ya jina langu palikuwa na misalaba thelathini na mmoja. Watoto walikuwa ishirini na watatu ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa mwisho walikuwa wanne. Kodi ya chumba, tangu mwezi wa tatu, aliilipa yeye kutoka katika mshahara wa mwalimu, na mshahara huo sote tunajua ulivyo.

Nikajitetea. Nikamwambia: "Dada, nisamehe, mimi ndivyo nilivyo. Hata nilipimwa Gitega, wakaniambia mimi ni aina ya saba, mtu wa shauku. Sisi hatuwezi kukaa na kitu kimoja."

Akaniuliza: "Huyo wa saba anaishi wapi?"

"Kwa nini?"

"Nataka nimpelekee daftari. Wewe nimekusamehe, ndugu yangu. Yeye bado ana elfu themanini zetu."

Naomba tulitazame jibu langu lile, kwa sababu siku hizi nalisikia kila mahali. Nalisikia katika mabweni, katika semina, hata katika maombi ya kazi. Mtu akichelewa, ni aina yake. Akisahau, ni aina yake. Akivunja ahadi, tunaambiwa tumwelewe, roho yake ni roho huru.

Kipimo chenyewe nilikifanya kwenye simu, katika semina moja ya vijana, maswali yakiwa kwa Kifaransa nasi tukitafsiriana. Kuna mfumo unaowagawa watu katika aina tisa, na mwingine unaowagawa katika aina kumi na sita. Katika ule wa tisa, wa saba ndiye mwenye shauku: mchangamfu, mwepesi wa mawazo, mpenda mapya, anayeona njia pale wengine wanapoona ukuta. Karibu nusu ya waliokuwapo tulitoka wa saba. Sikushangaa nilipofikiri baadaye. Maswali yaliuliza kama unapenda kujaribu mambo mapya na kama unachoshwa na kurudia yale yale. Ni kijana gani wa miaka ishirini na miwili atakayejibu kwamba yeye hufurahia kurudia?

Lakini kosa kubwa lilikuwa letu wasomaji. Tulisoma sifa, tukazima simu. Walioueneza mfumo huo wa aina tisa, Oscar Ichazo aliyeufundisha huko Arica, Chile, na daktari Claudio Naranjo, hawakumpa wa saba sifa peke yake. Waliihusisha aina hiyo na ulafi. Hawakukusudia ulafi wa chakula. Walikusudia ulafi wa mambo: kutaka kuonja kila sahani na kuogopa kuketi mbele ya moja mpaka iishe, maana ukiketi sana unaweza kukutana na uchovu wako na huzuni yako. Carl Gustav Jung wa Uswisi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1921 kuhusu aina za nafsi ndicho kilichotoa msingi wa ule mfumo wa aina kumi na sita, alimfananisha mtu wa namna hii na mkulima anayelihama shamba alilolipanda, wengine wakavuna, yeye akabaki mikono mitupu. Wenye mifumo walitaja hasara pamoja na faida. Sisi tulichukua cheti tukaacha onyo.

Bibi yangu hajamsoma Jung, lakini analijua shamba. Ana mibuni kwenye mteremko nyuma ya nyumba, kama watu wengi wa Muyinga. Mbuni hukaa miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa kahawa ya kuuza. Katika miaka hiyo hakuna wa kukupigia makofi. Unapalilia, unatandaza nyasi kavu shinani, unapogoa, unangoja. Nilipompa habari za miradi yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kupanda, mjukuu wangu, hata ndege hupanda."

Na kama tunataka sayansi, tuichukue yote. Wanasaikolojia wengi wanaochunguza tabia leo hawawagawi watu katika aina, kana kwamba ni koo. Hupima mielekeo mitano mikubwa, na kila mtu ana kila mwelekeo kwa kiwango chake. Kuwa na moyo ulio wazi kwa mambo mapya ni mwelekeo mmoja. Uangalifu wa kutimiza ulichokianza ni mwelekeo mwingine, unaopimwa peke yake. Maana yake ni kubwa kuliko inavyoonekana: mtu anaweza kuwa juu katika vyote viwili. Hakuna sheria ya maumbile inayosema kwamba anayependa mapya hawezi kumaliza. Basi ile "ndivyo nilivyo" yangu haikuwa na mguu wa kusimamia, hata kwa vipimo vile vile nilivyojifunika.

Sasa niwageukie wale waliokuwa wakitikisa kichwa kwa furaha tangu mwanzo. Najua mpo, hasa miongoni mwa wakubwa wetu: "Tulisema sisi! Haraka haraka haina baraka." Wazee wangu, walimu wangu, kwa heshima zote, nanyi mmo katika mashtaka. Kile chumba cha nyuma ya duka kilikaa miaka mingapi kimejaa maboksi matupu, watoto wakipita mbele yake? Watu waangalifu walikuwapo mtaani. Walikuwa na mishahara, vyeo na hekima, na hawakufungua mlango. Kuna uangalifu ambao ni uvivu uliovaa kanzu safi. Mtu wa namna hiyo huhesabu hatari kumi kabla hajamwona mtoto mmoja, na kwa kuwa hajaanza kitu, hajawahi kushindwa, na kwa kuwa hajawahi kushindwa, anajiona mwenye busara. Mimi nina misalaba thelathini na mmoja. Yeye hana hata daftari.

Tumtazame mtu aliyezaliwa hapa Gitega tarehe 10 Januari 1932. Louis Rwagasore aliporudi kutoka masomoni Antwerp, Ubelgiji, hakuketi kungoja. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, ili Warundi wapate nguvu yao wenyewe sokoni. Wafanyabiashara wanaosema Kiswahili wa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema. Ushirika ule haukusimama. Madeni na usimamizi mbovu viliukaba. Mtu mwangalifu angemshauri akae nyumbani, heshima ya mwana wa mfalme ilikuwa inamtosha. Hakukaa. Alijitoa kwa chama cha UPRONA, na tarehe 18 Septemba 1961 chama hicho kilipata viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba, mwezi haujatimia, aliuawa, akiwa na miaka 29.

Simpimi Rwagasore kwa kipimo cha simu. Natazama kazi mbili alizozianzisha na kujiuliza mbona moja ilianguka na nyingine ikashinda. Viti 58 haviji kwa hotuba, hata hotuba iwe tamu namna gani. Vinakuja kwa watu wanaopanda vilima kwa miguu, wanaoandika majina, wanaotunza michango, wanaorudi nyumba ile ile mara ya tatu. Moto wa mtu mmoja ulipata mikono ya kuulinda, na uhuru ukaja tarehe 1 Julai 1962 yeye akiwa kaburini. Lakini tuseme na upande wa pili: baada ya kifo chake chama kiligawanyika, kwa kuwa mtu mmoja ndiye aliyekuwa akiwashikanisha wengi. Mafunzo yote mawili ni yetu. Pasipo mwenye shauku hakianzi kitu. Na kitu kinachomtegemea yeye peke yake kina umri wake, au umri wa hamu yake, ambao kwa wengi wetu ni mfupi zaidi.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, nenda Gishora, nje kidogo ya Gitega, kwenye ngoma za kifalme, zile ambazo ngoma yake ya kitamaduni UNESCO iliiandika katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Katikati huwekwa ngoma iitwayo Inkiranya, na hapo ndipo mchezaji anaporuka juu, akazungusha miti yake, watu wakapiga kelele na kuinua simu wapige picha. Nyingine zimepangwa nusu duara. Zipo ibishikizo zinazofuata mwendo wa Inkiranya. Na zipo amashakwe. Kazi ya amashakwe ni pigo moja, lile lile, bila kukoma. Hakuna anayempiga picha mpigaji wa amashakwe. Lakini yakinyamaza, yule anayeruka ataruka juu ya nini?

Nilikwenda Gishora mara tatu kabla sijaliona jambo lililokuwa wazi tangu mara ya kwanza. Anayeruka hakai katikati. Akimaliza zamu yake hurudi kwenye mstari, akashika ngoma yake, na mwingine akaingia. Aliyeruka sasa hivi ndiye anayewashikia wenzake mdundo. Pale hakuna aliyezaliwa aina ya Inkiranya na mwingine aliyezaliwa aina ya amashakwe. Kuna zamu. Mimi Muyinga niliruka katikati, nikashangiliwa, kisha nikatoka uwanjani nikaenda kutafuta uwanja mwingine wenye washangiliaji wapya, na nikamwachia dada mmoja kupiga ngoma zote peke yake.

Mtauliza: mbona tunazidi kuwa wengi? Jibu langu ni kwamba tunalipwa. Tangu Gitega iwe makao makuu ya siasa mwaka 2019, kila mara napita mahali panapofungwa bango la uzinduzi. Kuna mashindano ya wazo jipya. Sijaona shindano la wazo la mwaka wa tano. Tukiomba fedha za mradi tunaulizwa ubunifu uko wapi, hatuulizwi uliopita uko wapi. Hata nyinyi walimu wetu, mtuwie radhi, mnapokaa kusikiliza mapendekezo ya tasnifu, swali lenu la kwanza ni: kuna nini kipya hapa? Ni swali zuri. Lakini anayeulizwa hilo peke yake kwa miaka minne atahitimu akijua kuanza tu. Atakuwa na mapendekezo sita na tasnifu moja iliyoandikwa wiki ya mwisho.

Na lugha tunayoisoma ndiyo inayoumia kwanza. Kiswahili kiliingizwa katika shule zetu za msingi katikati ya miaka ya 2000, nchi ikielekea kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako iliingia mwaka 2007. Mtoto wa darasa la kwanza akakabidhiwa lugha nne: Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Uamuzi ulikuwa wa kishujaa. Lakini kuingiza lugha katika ratiba ni kazi ya siku moja; kuiingiza katika ulimi wa mtoto wa kilimani ni kazi ya kila asubuhi. Ni kumsahihisha mtoto anayeandika "rakini" badala ya "lakini," kwa sababu Kirundi chake kimemzoesha r, na kumsahihisha kesho tena, na keshokutwa tena, bila kumcheka. Ni kurudia ngeli mpaka usingizini. Kiswahili hapa kwetu hakikosi wapenzi wa tarehe 7 Julai. Siku hiyo kuna mashairi, nguo za kupendeza na picha nyingi. Kinakosa wapenzi wa tarehe 8.

Kuna mwenzangu tuliyebishana naye kuhusu jambo hili mpaka umeme ukakatika. Aliniambia hivi: "Kaka, unajitesa bure. Kazi ya cheche ni kuwasha. Usiitake cheche iwe kuni." Ni hoja nzuri, na nilinyamaza kwa muda. Lakini cheche haichukui michango ya watu. Cheche haiwaambii watoto ishirini na watatu, "Tutaonana Jumamosi." Mtu akitaka kuwa cheche tu, na awe, basi aseme tangu mwanzo: nitakuwapo wiki mbili, sishiki fedha, na baada yangu ni fulani. Huyo nitamheshimu. Ninayemshtaki ni yule anayeahidi kama kuni na kuondoka kama cheche, kisha akaiita tabia hiyo kipaji.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, wala hayahitaji mfadhili. Kwanza, mtu wa shauku asishike fedha. Sisemi kwamba sisi ni wezi. Nasema kwamba kwetu sisi fedha ya jambo la jana huonekana kama fedha ya jambo la leo. Ashike mtu mwingine, na huyo mtu awe na uwezo wa kutuambia hapana, na sisi tukubali bila kununa. Pili, kila anayeanzisha kitu chuoni au mtaani aandike siku ile ile ya ufunguzi atakaa mpaka lini na atamkabidhi nani. Kuondoka si dhambi. Dhambi ni kuondoka bila kuaga na kuacha jina lako juu ya orodha. Tatu, na hili ni la walimu na viongozi wa vikundi: makofi yahamishwe. Siku ya uzinduzi tunyweni chai tu, twende nyumbani. Tukutane baada ya mwaka, aliyebaki asimame mbele, na hapo tushangilie mpaka koo zikauke.

Kwa watu wa aina yangu naongeza neno moja. Mnaogopa kwamba mkikaa mtazimika. Nami niliogopa hivyo. Nilidhani kwamba mimi ni uchangamfu wangu, na kwamba siku nitakapochoka mbele ya watu watagundua kuwa ndani hamna kitu. Ndiyo maana nilikuwa nikiondoka kabla ya uchovu kufika. Lakini Jumamosi moja nilisoma kwa sauti ya mtu aliyelala vibaya, sina fisi wala sungura, na msichana mmoja akanisahihisha: nilikuwa nimeruka ukurasa. Alikijua kitabu kile kwa moyo. Alikuwa mmoja wa wale wanne. Ilikuwa mara yake ya tisa kukisikia, naye bado alikitaka chote. Mimi niliyetafuta mapya Gitega nzima sikuwahi kumpenda mtu wala kitu namna hiyo.

Ndiyo, nimerudi. Nimeshalipa faranga elfu hamsini na tano kati ya themanini, nikiuza ile taa kwanza. Kila wiki ya pili napanda gari la alfajiri kwa njia ya Karusi. Dada alikataa kunirudishia uongozi, na nilipofika siku ya kwanza na wazo la kuongeza mchezo wa kuigiza, alinisikiliza, akatabasamu, akasema: "Wazo zuri, kaka. Tuliandike nyuma ya daftari. Ukifikisha Jumamosi ishirini tutalisoma." Watoto sasa ni tisa.

Mna haki ya kuuliza nimefikisha Jumamosi ngapi. Msiniulize mimi, mtu kama mimi ataongeza mbili. Muulizeni dada. Daftari analo yeye.